Muulize Bi Chatu: Nyoka jike kagoma kula, kavimba, kageuza tumbo. Ni msimu au ni ugonjwa?

Barua za safari hii karibu zote zinafanana. Kila mwaka ikishaingia Novemba mpaka kwenye Mei hivi ndo mnaniandikia haya haya, nyoka jike kakaa nyumbani vizuri tu, anakula, mpole, alafu ghafla kabadilika mpaka mwenye nyumba anaanza kuulizia daktari usiku. Wengi wenu mko ughaibuni na wengi mnafuga wale chatu wadogo wanaoitwa boli paithoni, ambao kwa taarifa yenu asili yao ni Ghana, Togo, Benin, mpaka kaskazini mwa Uganda wapo, yaani mmemfuata Mwafrika mwenzenu kwenye duka la Ulaya mkamlipia na pesa. Haya. Nimechagua barua sita. Na kama huna mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga kwa gramu, nunua kwanza maana leo nitaitaja mpaka mchoke.

SWALI: Shikamoo Bi Chatu. Mwanangu wa miaka 15 anafuga boli paithoni jike, tulimnunua mdogo, sasa hivi ana miaka minne. Alikuwa anakula kila wiki bila shida ila tangu Desemba imeanza kagoma kabisa, tukimwekea panya anamwangalia tu anageuza kichwa. Alafu kahamia upande wa baridi, kakizungukia kibakuli cha maji kakikumbatia siku nzima, na juzi tumemkuta kalala tumbo limegeukia juu nusu. Dume hana na hajawahi kukutana na dume. Mtoto analia anasema nyoka anakufa, na mimi huyo nyoka simpendi kivile lakini machozi ya mwanangu yananiumiza. Ni ugonjwa gani huu? (Mama, Columbus, Ohio)

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kulea wawili kwa mpigo. Kwa maelezo yako mimi naona msimu kuliko ugonjwa, ila usinichukulie neno hilo mpaka umpime.

Kinachotokea ndani ni hivi. Wafugaji wanahesabu jike wa boli paithoni kakomaa akishafika miaka mitatu na gramu 1,500 hivi, na wa kwenu kwa umri huo na ulaji huo naamini kafika. Baridi ya usiku ikianza, hata kama nyumba ina hita, mwili wake unaihisi, na mayai machanga ambayo mwaka mzima yalikuwa madogo chini ya milimita 10 yanaanza kukua. Yanaweza kufika milimita 40 kila moja, sasa yapige mara sita au saba uone yanataka nafasi gani kwenye mnyama mwembamba vile. Na hayajikuzi yenyewe. Homoni inaliamrisha ini litengeneze protini inaitwa vitelojenini, hiyo inasafiri kwenye damu kwenda kuwa kiini cha yai, mafuta aliyoyaweka mwilini yanachotwa, kalsiamu kwenye damu inapanda. Mwanzoni mwa kazi hii wengi wanakula kwa pupa mpaka mnashangaa, baadaye mayai yakishakuwa makubwa hamu inakatika na anaweza kukaa miezi bila kugusa panya. Kule kupenda upande wa baridi na kukumbatia kibakuli ni kwa jike anayejenga mayai, kulala tumbo juu vilevile, wafugaji wazoefu wakiona hivyo wanafurahi.

Mbona hana dume? Mwili wake hausubiri dume ndo uanze. Unaanza tu. Asipopata dume mara nyingi mayai yale yanafyonzwa tena mwilini, hamu ya kula inarudi msimu ukiisha, na mnakuwa mmeshahangaika bure. Wachache wanaendelea mpaka wanataga mayai matupu, hilo nalijibu kwenye barua ya Minneapolis hapo chini.

Sasa mizani. Mpimeni kila wiki siku ile ile, muweke kwenye boksi la plastiki utoe uzito wa boksi, andika kwenye daftari, na hiyo kazi mpe mtoto maana itamtuliza kuliko maneno yangu. Jike aliyegoma kwa sababu ya msimu uzito wake unashuka taratibu sana au hata hausogei. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito aliokuwa nao kabla ya kugoma, hapo msimu sio jibu tena, apelekwe kwa daktari anayejua reptilia, sio yule wa mbwa na paka tu. Na hata kama uzito uko sawa, mwangalieni mdomo na pua: mate ya kuvutika, mapovu, kupumua mdomo wazi au sauti ya filimbi akipumua, hiyo ni mapafu, mpelekeni haraka. Chungulieni pia maji ya kibakuli, kuna vidoti vyeusi vimezama? Hao ni utitiri, nyoka mwenye utitiri naye anajilaza majini ila kwa sababu nyingine kabisa. Upande wa joto uwe nyuzi 31 mpaka 33, wa baridi 25 mpaka 27, na mpime kwa kipima joto chenyewe msikadirie kwa mkono. Kuhusu tumbo juu, mguse taratibu: mzima atajigeuza mwenyewe, akishindwa kurudi sawa au shingo inajipinda pinda kama hajui wapi ni juu, hiyo ni dharura.

Panya mpeni mdogo mara moja kila wiki mbili, akikataa mtoe mtulie. Msimlazimishe kwa kumsukumia mdomoni, nimeona watu wanafanya hivyo kwa mapenzi kabisa na wanamuumiza.

SWALI: Bi Chatu habari za kazi. Mimi na rafiki yangu tuliunganisha nyoka wetu, jike wangu na dume lake, boli paithoni wote, toka Novemba kwa vipindi vipindi. Wiki iliyopita asubuhi nimeamka nikamkuta jike kavimba katikati ya mwili vibaya sana, kakakamaa, kama kameza panya mkubwa mzima na mimi sijampa kitu mwezi mzima. Nikapiga simu kliniki wakanipa miadi ya kesho yake. Kesho yake naamka, uvimbe hamna! Kliniki wananiona muongo. Nini kile? (Kijana wa Leeds)

JIBU: Hongera, umeshuhudia kitu ambacho wafugaji wengi wanakisubiri miaka na kinawapita wamelala. Ule ndo upevushaji wenyewe, mayai yote yanaachia kwa pamoja kutoka kwenye ovari na kuingia kwenye mirija, na kwa sababu yote yanajikusanya sehemu moja kwa wakati mmoja ndo unaona lile bonge katikati au nyuma kidogo ya katikati. Linakaa kama siku nzima, mara nyingi chini ya hapo, alafu mayai yanajipanga mstari kwenye mirija na mwili unarudi kuwa sawa. Hujasema uongo, ila na wao kliniki wana haki ya kushangaa, maana mgonjwa kafika mzima.

Chukua kalenda. Tia alama siku ile uliyoona uvimbe. Kuanzia hapo hesabu wiki mbili mpaka nne, macho yatakuwa na ukungu, rangi itafifia, kisha atajivua gamba (gamba la kweli, sio lile la wanasiasa wetu wa CCM, Tanzania, mwaka 2011). Hilo gamba ndo muhimu kuliko yote kwa sababu baada yake mayai yanakuja takriban siku 30, wengine wanatangulia kidogo wengine wanachelewa kidogo. Ukikosa kuandika tarehe ya gamba utabaki unazunguka zunguka kizimba kila usiku na tochi unamsumbua mwenzio.

Tabia nayo inageuka. Yule aliyekuwa anang'ang'ania baridi sasa atahamia kwenye joto na hatoki, atajilaza pale pale na tumbo kaligeuza, nusu ya nyuma ya mwili itakuwa nene na nzito, na ukimwangalia mkiani kabla ya kloaka (lile tundu la chini ya mkia anapotolea choo na mayai) utaona kama kunabonyea kidogo kwa sababu mayai yanaishia kabla ya hapo. Wengi hawali kabisa mpaka watage. Usimpe panya mkubwa hata akionekana anataka. Na naomba sana usimminye minye tumbo kuhesabu mayai, najua video zipo zinaonyesha watu wanafanya, wale wengine wana miaka 20 kwenye hii kazi na hata hao sio wote wanaonipendeza.

Muwekee boksi la plastiki lenye tundu la kuingilia, ndani mosi (kwa Kiingereza moss) yenye unyevu ile ya kwenye maduka ya maua, iwe na unyevu sio kuloa chapachapa. Liwe limeshakaa kizimbani kabla hajavua gamba ili alizoee. Jike asiyepata mahali pa siri pa kutagia anaweza kuyazuia mayai, na mayai yakizuiwa ni balaa, soma barua ya Oslo.

SWALI: Mambo vipi Bi Chatu. Sisi tulinunua nyoka miaka sita iliyopita, muuzaji akasema ni dume tukampa jina Sultani. Wiki hii Sultani ametaga mayai manne!! Hajawahi kuona nyoka mwingine tangu tumemleta. Shangazi yangu yuko Tanga nimempigia video akaona, anasema hiyo sio bure tusome dua na nyoka atoke nyumba. Mke wangu nae kaanza kuogopa. Nisaidie kabla sijafukuzwa mimi na Sultani. (Minneapolis)

JIBU: Nimecheka mpaka nimemwaga chai, samahani. Dua someni, haina ubaya nyumba kuombewa, lakini Sultani mwacheni, hana kosa.

La kwanza muuzaji alibahatisha. Dume na jike wa boli paithoni kwa macho wanafanana sana, watu wanaangalia mkia na vile vikucha viwili pembeni ya kloaka wanasema vikubwa ni dume, hiyo inadanganya. Njia ya uhakika ni daktari kuingiza kijiti maalum kwenye mkia kupitia kloaka, kwa jike kinaingia magamba machache tu, kwa dume kinaenda mbali zaidi. Usijaribu nyumbani.

La pili, jike kutaga bila dume hutokea, sio muujiza, hata kuku wa mayai wa dukani hajui jogoo ni nini. Yaangalie hayo mayai: yakiwa madogo, ya njano njano, magumu kama nta, hayo ni matupu. Yakiwa meupe, makubwa, yamejaa, zima taa uyamulike kwa tochi kwa chini bila kuyageuza, ukiona mishipa myekundu kuna kitu ndani.

Na kuna kitu ndani kunawezekana, hapa shangazi atulie kidogo. Nyoka jike wanaweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu, mwaka 2011 watafiti Marekani walithibitisha kwa vinasaba nyoka mmoja mwenye sumu, yule mwenye njuga mkiani, aliyezaa watoto wenye baba baada ya kukaa miaka mitano bila dume. Pia wapo wanaozaa bila baba kabisa, yai linajikamilisha lenyewe. Mwaka 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Missouri, sio mbali sana na nyie, boli paithoni mmoja bibi kizee wa zaidi ya miaka 60, yuko pale toka 1961, alitaga mayai saba na alikuwa hajakaribiana na dume kwa miaka isiyopungua 15. Dunia nzima iliandika. Kwa hiyo Sultani yuko kwenye ukoo mzuri.

Mayai matupu yatoe, safisha kizimba, mpime, mpe maji, na baada ya siku chache mjaribu na panya mdogo. Jina msibadilishe.

SWALI: Bi Chatu salamu, mie ni mtu wa Bukavu naishi Oslo. Binti yangu ana nyoka wa mahindi (corn snake), wameruhusu huku ndo tukanunua. Juzi ametaga mayai kumi, ila nyuma ya tumbo bado tunaona vimbe mbili na leo ni siku ya tatu hazitoki. Anatembea tembea hatulii. Tumuweke maji ya moto? Mtu kasema tumsukume na vidole. (Oslo)

JIBU: Huyu nilishampigia simu kabla gazeti halijatoka, lakini naiweka hapa kwa sababu wengine itawakuta. HAPANA kwa vidole. Kabisa. Ukisukuma yai lililokwama unapasua mrija au unautoa nje, na hapo hakuna tena cha kuokoa.

Nyoka wa mahindi akianza kutaga anamaliza ndani ya siku moja mara nyingi. Zikipita siku mbili na mengine yamebaki, hayo yamekwama, ni daktari siku hiyo hiyo. Ataangalia kwa eksirei au ultrasaundi, anaweza kunyonya maji ya yai kwa sindano likanywea likatoka, ikishindikana ni upasuaji. Dawa za kusukuma uchungu zile wanazopewa wanyama wengine, kwa nyoka hazisaidii kivile. Wakati unasubiri gari mpe joto lake la kawaida, unyevu na giza, basi.

Kwa nini nyoka wa mahindi anakwama zaidi kuliko chatu? Wengi wanaozeshwa wadogo mno, wengi wanene kwa kulishwa kila siku tatu na kukaa kwenye kizimba kidogo bila kupanda wala kujinyoosha, misuli inakuwa laini, alafu mwenye nyumba hakuweka pa kutagia. Huyu anajivua gamba wiki moja au mbili tu kabla ya kutaga, tofauti na boli paithoni, kwa hiyo ukiona gamba limevuliwa mwezi wa tano na tumbo limejaa, boksi liwepo usiku ule ule. Na nyie mlioko Norway ambako reptilia walikuwa marufuku mpaka 2017, madaktari wenye uzoefu nao sio wa kila mtaa, tafuteni namba yake mapema.

SWALI: Bi Chatu, boli paithoni wangu katoka kutaga mayai sita, mayai mazuri meupe. Ila yeye mwenyewe anatisha! Mgongo umetoka, ngozi inaning'inia, alikuwa na gramu 2,100 Oktoba sasa ana 1,350. Nimemuua? Na mayai nimwachie au niweke kwenye inkubeta? (Houston)

JIBU: Hujamuua, na nakupongeza wewe ndo mtu pekee mwezi huu mwenye namba. Kama nusu kilo au zaidi ya hiyo aliyopoteza ni mayai yenyewe, maana yai moja linakwenda gramu 80 mpaka 100, iliyobaki ni miezi ya kufunga. Jike kupoteza theluthi ya uzito kwa msimu ni kawaida yao, na ile ngozi kulegea kama soksi ni kwa sababu ilikuwa imetanuka miezi na sasa hamna kitu ndani. Itarudi.

Ya kuniogopesha ingekuwa kama angebaki na uvimbe mgumu, au kloaka inatoa damu au harufu mbaya, au nyama imetokeza nje. Hujasema hayo kwa hiyo twende.

Mayai: mimi ningetoa. Sio kwamba mama hawezi, porini anajizungushia mayai yake mpaka yaanguliwe, na kazi kubwa anayofanya pale ni kuzuia yasikauke kuliko hata kuyapasha joto. Kuna chatu wengine, yule mkubwa wa Burma, ambaye anatetemesha misuli yake makusudi mpaka joto linapanda, walilipima hilo New York miaka ya 1960, ila huyu wako mdogo hategemei hiyo. Kizimbani kwako Houston na eyakondishena inavyopuliza, hewa inakauka na mayai yananywea hata mama akijitahidi vipi. Ukiyatoa weka alama ya penseli juu ya kila yai na libaki hivyo hivyo upande huo, ukiligeuza kitoto ndani kinaweza kufa. Yaliyogandana usiyatenganishe. Inkubeta nyuzi 31 mpaka 32, unyevu mwingi ila maji yasidondoke juu ya mayai, siku 55 mpaka 60.

Mama sasa. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu, na kizimba kioshe chote, toa matandiko yote, kwa sababu harufu ya mayai ikibaki ataendelea kujikunja juu ya hewa anaatamia kitu ambacho hakipo na hatakula. Nimeona hili linapuuzwa kila mwaka. Baada ya hapo panya mdogo, mdogo kweli, akimmeza subiri siku tano mpaka saba mpe mwingine, ongeza taratibu. Kumpa mkubwa mara moja kwa sababu unamuonea huruma ni kumtapisha.

Na najua swali linalokuja, mwakani nimuunganishe tena? Asiporudi kwenye uzito wake wa Oktoba, usifanye. Porini wengi wanapumzika mwaka mmoja au miwili katikati. Kuna watu wanawabebesha kila mwaka kwa sababu ya bei ya watoto wenye rangi za ajabu ajabu, mimi hilo silipendi na sitajifanya nalipenda.

SWALI: Bi Chatu, mimi sifugi nyoka ila nasoma ukurasa wako sana. Huku kwetu Kibwezi kuna chatu amekaa karibu na shimo la zamani la muhanga, anatoka asubuhi anaota jua anarudi. Kitu kinashangaza watu ni vile amekuwa mweusi, mwanzo alikuwa na zile madoa za kahawia kawaida, saa hii ni mweusi ti. Wazee wanasema ni mwingine wa aina ya kichawi. Kijana mmoja anataka kumshika amfuge amuuze. Unasemaje? (Msomaji, Kibwezi)

JIBU: Ni yule yule. Chatu mkubwa wa kusini mwa Afrika, anayefika mpaka Tanzania na kusini mwa Kenya, jike wake akiingia msimu wa mayai rangi inakuwa nyeusi. Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alifuatilia chatu hawa kwa miaka saba kwenye hifadhi ya Dinokeng, kaskazini mwa Pretoria, akiwawekea visambaza mawimbi mwilini na kamera mashimoni, akachapisha mwaka 2018. Jike mweusi analowa joto la jua haraka zaidi, anajianika mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, joto ambalo likizidi kidogo tu linamuua, kisha anaingia shimoni na kujizungushia mayai akiwa bado wa moto. Mashimo yenyewe mara nyingi ni ya muhanga, kama hilo lenu. Hali chochote zaidi ya miezi sita na anapoteza kama asilimia 40 ya uzito. Na cha kushangaza, watoto wakishaanguliwa anakaa nao kama wiki mbili hivi, usiku wanakuja kulala katikati ya mikunjo yake wapate joto. Kwa mnyama ambaye watu wanamwita hana huruma, sio mbaya.

Kwa hiyo huyo mweusi wenu karibu nina hakika ni mama mwenye mayai ndani ya hilo shimo au anayekaribia kutaga. Huyo kijana mwambieni mambo mawili: chatu wa porini akimshika wakati huu atang'atwa na kukabwa, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 haimruhusu mtu kumshika wala kumfuga bila kibali, faini yake hataimaliza kwa kuuza nyoka mmoja. Pigieni ofisi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) iliyo karibu nanyi, waambieni jike, mweusi, yuko kwenye shimo, ili waje wakijua. Mkisubiri, watoto wa shule wapite njia nyingine, mbuzi wasichungiwe upande huo, moto usiwashwe mdomoni mwa shimo, na asiwepo wa kuchokora na fimbo ili apige picha.